Kutu ya trela ya jeshi: tafuta maji kabla ya kununua rangi

Trela kuukuu za jeshi zimejaa upande wetu wa Njoro, Molo na Mau Narok, huku Nakuru, Kenya, na nyingi zinakufa kwa kutu wakati zingeweza kubeba mzigo miaka mingine ishirini. Yangu nusura ifuate njia hiyo. Kuiokoa kumenila pesa, kumeninyima usingizi na kuleta maneno nyumbani, kwa hiyo nayaandika haya kwa urefu ili mwenye trela kama hiyo asipite nilikopita mimi.

Ni ile ndogo ya magurudumu mawili, aina ya Sankey, ya robo tatu ya tani, iliyotengenezwa Uingereza ivutwe na Land Rover za jeshi. Kwa mkulima wa waru, yaani viazi, hesabu yake ni nyepesi: magunia 15 ya kilo 50, basi. Bodi ni chuma mwanzo hadi mwisho, springi ni nene, na magurudumu ni yale yale ya Land Rover, hivyo spea moja inatosha gari na trela. Niliinunua Molo kwa shilingi 55,000 kutoka kwa mkulima aliyekuwa akibebea mbolea, chumvi ya ng'ombe na viazi vya mbegu. Ilikuwa imepakwa rangi mpya ya kijani inayong'aa, na matairi yamepakwa dawa ya kuyatia weusi.

Mvua za Machi zilipokolea, rangi ilianza kutoa malengelenge kwenye pembe za sakafu na juu ya matao ya magurudumu. Ukilibonyeza lengelenge kwa kidole linapasuka na kutoa maji mekundu. Nikamtafuta mzee mmoja aliyefanya kazi ya chuma tangu enzi za karakana za reli, ambaye sasa ana kibanda chake kwa mafundi wa jua kali, Nakuru.

Nilitarajia aje na grainda. Alikuja na nyundo ndogo yenye ncha, ile ya kubandulia magamba ya welding, na gunia la kulalia. Akaingia chini ya trela akaanza kugonga taratibu kutoka mbele kwenda nyuma, kila baada ya kiganja kimoja. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinanyamaza. Alipofika pembe ya mbele kushoto akaniita.

"Kijana, hebu inama usikilize."

Akagonga, nyundo ikazama mpaka mpini.

"Hapa hakuna chuma. Kuna rangi, kuna puti, halafu kuna lami huku chini."

Akachokonoa kwa bisibisi, kikadondoka kipande cha puti kilichogandamana na karatasi ya mfuko wa simenti. Mtu alikuwa ameisokota ile karatasi akaisindilia kwenye tundu ili puti ipate pa kushikia. Maandishi ya kilo 50 yalikuwa bado yanasomeka. Sitasahau hasira niliyoisikia pale. Nilitaka kugeuza gari kurudi Molo saa hiyo hiyo. Mzee akaniambia, "Hata huyo aliyekuuzia pengine aliuziwa hivyo hivyo. Wewe niambie kwanza: maji yanaingilia wapi, na yanashindwa kutokea wapi?"

Swali hilo ndilo lililobeba kazi yote iliyofuata. Mimi nilikuwa nimejiandaa kuulizwa nina shilingi ngapi na nataka rangi gani. Lakini kutu haianzii kwenye ukosefu wa rangi. Inahitaji chuma, maji na hewa, na mahali maji yanapokaa muda mrefu ndipo inapokula zaidi, hata kama aliyekupakia rangi alikuwa bingwa. Ukiziba tundu bila kujua maji yalifikaje pale, utarudi pale pale.

Kwa hiyo kabla ya kukata chochote tulimwaga ndoo mbili za maji ndani ya trela tukayaangalia yanakwenda wapi. Ningemwomba kila mwenye trela afanye hivyo hata leo jioni. Maji yote yalikimbilia mbele, yakatulia kwenye pembe mbili zilizooza. Sababu ni namna trela hizi zinavyoegeshwa: ukiitoa kwenye gari, unaacha mkono wa kuvutia ulale chini, pua inainama, na mvua yote inayoingia inakaa mbele. Matundu ya kutolea maji sakafuni yalikuwa yamezibwa, mengine kwa udongo uliokauka, mengine kwa puti ya yule aliyeipamba. Trela ilikuwa beseni. Tangu siku hiyo yangu inaegeshwa pua ikiwa juu ya kigogo, na mlango wa nyuma umelegezwa kidogo ili maji yajiendee.

Jambo la pili ni mbolea. DAP, CAN na urea zote zinavuta unyevu kutoka hewani. Gunia likipasuka, chembe zinajipenyeza kwenye mishono ya bodi na chini ya mbavu za sakafu, zinalowa kwa umande wa usiku, na maji hayo ya mbolea yanakula chuma kwa kasi kuliko maji ya mvua matupu. Chumvi ya ng'ombe ni hivyo hivyo. Ubaya wake ni kwamba haiondoki kwa kupiga brashi. Inabaki ndani ya vishimo vidogo ambavyo kutu imechimba, na ukipaka rangi juu yake itaendelea kuvuta maji kupitia kwenye rangi yenyewe. Yale malengelenge yangu yalitokana na hilo.

Dawa yake ni maji safi, mengi, tena kwa kurudia. Tuliipeleka trela kwenye kaoshi yenye mashine ya presha, ikaoshwa kwa sabuni juu na chini, ikakaushwa juani, ikapigwa brashi ya waya, halafu ikaoshwa tena kwa maji matupu. Vijana wa kaoshi walishangaa kuona chuma kilichokwanguliwa kikirudishwa majini. Lakini ile safari ya pili ndiyo inayotoa chumvi, kwa sababu brashi imekwisha kufungua vishimo. Ndugu yangu aliyeko Muhoroni anabebea miwa, na naye nimemwambia hivyo hivyo: juisi ya miwa ikichacha inakuwa asidi, kwa hiyo trela ya miwa haitakiwi kulala bila kuoshwa.

Sasa kukwangua. Rangi za chuma za zamani, za jeshi zikiwemo, zinaweza kuwa na madini ya risasi. Huwezi kujua kwa kutazama, kwa hiyo zichukulie zote kuwa nayo. Tulifanya kazi nje, mbali na jikoni na kuku, rangi ikiwa imeloweshwa ili isitimue vumbi. Palipokuwa na rangi nene tulitumia tindo na kikwangulio badala ya grainda. Maganda yalikusanywa kwenye turubai. Watoto hawakuruhusiwa kusogea, na ovaroli hazikuingia ndani ya nyumba. Leso ya puani haisaidii kitu. Nunua barakoa yenye vichujio, ile ya wapaka rangi za magari. Nunua pia miwani ya kufunika macho kabisa, maana brashi ya waya inayofungwa kwenye grainda inarusha nyaya. Msaidizi wetu alichomoa waya mmoja kwenye ovaroli yake kifuani, ulikuwa umepenya vitambaa viwili.

Sahani yenye namba na ile namba iliyopigwa kwenye fremu usiziguse na grainda. Kenya trela inasajiliwa peke yake, ina namba yake inayoanza na Z na logbook yake, na namba ya fremu isiposomeka umejitafutia shida ambayo rangi haiwezi kuitatua. Sisi tuliisafisha kwa mkono, msasa laini na mafuta ya taa, tukaifunika kwa utepe mpaka kazi ikaisha.

Fremu ndiyo iliyonitisha kuliko sakafu. Pale mkono wa kuvutia unapoungana na boriti za fremu pana bamba la kuimarisha, na bamba hilo lilikuwa limevimba katikati. Kutu inachukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma ilichokula. Ikianza kati ya vyuma viwili vilivyobanana inavisukuma viachane, na nguvu yake inatosha kupinda bamba na kukata riveti. Mzee alikata bamba pembeni, akalibandua kwa mtaimbo. Kutu ikatoka matabaka kwa matabaka kama chapati, kila tabaka unalivunja kwa vidole. Chini yake boriti ilikuwa imeliwa vishimo, na kutoka mwisho wa welding ya zamani kulikuwa na ufa mwembamba, karibu urefu wa kidole gumba. Tuliuona tu kwa sababu alikuwa ameifuta sehemu ile kwa mafuta ya taa, akapaka chokaa nyeupe, mafuta yaliyobaki ndani ya ufa yakajichora juu ya weupe.

Niliuangalia ule mstari kwa muda. Trela hiyo nilikuwa nimeshaiteremsha Sachangwan na Salgaa ikiwa na mzigo kamili. Kila mtu wa barabara hii ya Nakuru kwenda Eldoret anajua ajali zilizotokea kwenye miteremko ile. Nilimpigia simu mama watoto nikamwambia pesa za tangi la maji tutazitumia kwenye fremu. Hakufurahi, na alikuwa na haki, lakini nilipompelekea picha ya ufa alisema, "Tengeneza. Tangi litangoja."

Mkono wa kuvutia na sehemu zinazoubeba si mahali pa kiraka. Tulikata kipande chote kibovu mpaka tukafika chuma kinacholia, tukaweka chaneli mpya yenye unene ule ule, na mzee akaichomea mwenyewe kwa rodi za 7018 alizozikausha kwanza kwenye kijijiko cha makaa, kwa sababu rodi hizo zikiwa na unyevu welding inapata nyufa. Angalia pia ile pete ya kuvutia. Ikiwa imelika upande mmoja, badilisha. Na weka mnyororo wa usalama, hata kama trela haikuja nao.

Kwa sakafu nilipewa ushauri wa aina mbili. Kijana mmoja anayechomea hapa senta yetu alinipa bei ya 6,000: analaza bati jipya juu ya lile bovu, anachomea pembeni, siku moja imeisha. Ni bei tamu, na trela nyingi ukizichungulia chini utaona zimefanyiwa hivyo. Mzee alikataa. Bati juu ya bati linaacha mwanya katikati, maji yanaingia kwenye mwanya, na safari hii huwezi kuyaona wala kuyafikia. Njia yake ilikuwa kukata kila mahali ambapo ncha ya nyundo inaacha alama, kisha kuongeza kiasi cha vidole vitatu kuingia kwenye chuma kizima, halafu kuweka bamba jipya la geji 14 likutane na la zamani ukingo kwa ukingo. Iligharimu zaidi ya mara tatu ya ile bei ya kijana. Ningelipa tena.

Ukichomea bati la geji 14 kwa mashine ya kawaida ya rodi, tumia rodi nyembamba za milimita 2.5 na moto mdogo. Usifululize. Choma sentimita mbili hapa, ruka, choma kule, rudi bati likishapoa lenyewe. Anayemwagia maji ili lipoe haraka analipinda. Na usikubali uwekewe mabati yenye zinki bila kukwangua zinki kwenye kingo za kuchomea: moshi wake mweupe unaleta homa usiku, mtu anatetemeka akidhani ni malaria. Mafundi wengi hunywa maziwa wakiamini yanazuia. Hayazuii. Kinachozuia ni kuondoa zinki, kukaa upande upepo unakotoka, na kuvaa barakoa.

Mishono yote tuliifunga kwa silanti ya bodi za magari baada ya koti la kwanza la rangi, juu na chini, maana welding ya kurukaruka inaacha nafasi ambazo maji yanazipenda. Halafu tukatoboa matundu mapya ya milimita 12 kwenye sehemu ambazo zile ndoo mbili zilituonyesha, na kuyapaka rangi kingo zake kwa brashi ndogo.

Vitu vidogo, yaani bawaba, komeo, pini na minyororo ya mlango wa nyuma, nilivisafisha nyumbani bila kuvikwangua, na njia hii ni rahisi kiasi kwamba nashangaa haitumiki zaidi. Unajaza ndoo ya plastiki maji, unatia soda ya kufulia kijiko kikubwa kimoja kwa kila lita nne, unaning'iniza kitu chenye kutu upande mmoja na kipande cha nondo chakavu upande mwingine bila kugusana, unaunganisha chaja ya betri ya volti 12. Waya hasi kwenye kitu unachotaka kukisafisha, waya chanya kwenye nondo. Ukikosea waya, kitu chako ndicho kitakacholiwa. Asubuhi kutu imegeuka tope jeusi linalotoka kwa brashi ya kufulia. Fanya kazi hiyo nje, mbali na moto, kwa sababu inatoa hidrojeni. Usitumie stenlesi badala ya nondo, inatia sumu kwenye maji. Magadi ya sokoni mara nyingi yana chumvi ndani yake, hivyo soda safi ni bora. Na springi au bolti ngumu zinazobeba mzigo usizitie humo kabisa, kwani hidrojeni inaingia ndani ya chuma kigumu na kukifanya kikatike ghafla.

Mzee alinionyesha pia dawa ya magome ya muwati. Huku kwetu mti huo tunaujua kwa kuni na makaa, lakini magome yake yana tanini nyingi, ndiyo maana Eldoret palikuwa na kiwanda cha kukamua tanini ya kulainishia ngozi. Unachemsha magome mpaka maji yawe meusi, unapaka juu ya kutu nyembamba iliyoshika sana, nayo inageuka nyeusi tii, kwa sababu tanini inaungana na kutu kuwa kitu kingine kisichoendelea kula. Tuliitumia ndani ya matao ya magurudumu ambako brashi haifiki vizuri. Haifai juu ya kutu inayobanduka, na si rangi. Ukiiacha bila kuipaka rangi juu, mvua mbili tu zinaiondoa. Asiye na muwati anaweza kununua dawa ya asidi ya fosforasi dukani, inafanya kazi ya namna hiyo hiyo, mradi aoshe masalio yake kama chupa inavyoelekeza.

Kupaka rangi Njoro kuna adui wake, na adui huyo ni umande. Tuko juu, usiku ni baridi, na chuma kinapoa kuliko hewa. Asubuhi unakigusa unaona kikavu kumbe kina unyevu mwembamba usioonekana. Kanuni ya wapaka rangi za vyuma ni kwamba chuma kiwe na joto walau digrii 3 juu ya kiwango ambacho umande huanza kujitunga. Sisi hatukuwa na kipimo, tulifuata saa: hakuna brashi kabla ya saa nne asubuhi, hakuna brashi baada ya saa tisa alasiri, na mawingu ya mvua yakionekana upande wa Mau kazi inasimama. Chuma kilichokwanguliwa kikabaki wazi usiku kucha kinaamka na wekundu. Kwa hiyo kila asubuhi tulikwangua sehemu tunayoweza kuifunika kwa koti la kwanza siku hiyo hiyo, hata kama ni upande mmoja tu. Inachosha, na majirani wanauliza mbona trela ina viraka vya rangi kama haijulikani itaishia wapi, lakini ndivyo inavyopaswa.

Kuhusu koti la kwanza, wengi wetu tunaijua red oxide na tunaipenda kwa sababu ni rahisi kupatikana. Si mbaya. Tatizo ni kuiacha peke yake. Mageti mangapi umeyaona yana red oxide tu tangu yajengwe? Koti hilo linapitisha unyevu. Kazi yake ni kushika chuma na kushikwa na rangi ya juu, kwa hiyo bila rangi ya juu halimalizi msimu. Mimi nilijikaza nikanunua praima ya epoksi, ile ya kuchanganya na kikazishi chake. Inashika vizuri, maji hayapiti kirahisi, na haina ugomvi na sehemu zilizobaki na zinki, tofauti na rangi za mafuta ambazo zikipakwa moja kwa moja juu ya zinki zinabanduka. Makoti mawili ya epoksi, kisha makoti mawili ya rangi ya juu. Kingo, vichwa vya bolti na mistari ya welding vilipakwa kwanza kwa brashi, peke yake, kwa sababu rangi inakimbia kingo na kubaki nyembamba pale pale panapogongwa zaidi. Rangi ya juu nilichagua kijivu. Kijani cha jeshi nilikiacha, sikutaka maswali kwenye kila kizuizi.

Watu walinishauri nipake oili chafu chini, kama wanavyofanya wenye malori. Nilikataa, na nitaendelea kukataa. Oili iliyotoka kwenye injini ina asidi na uchafu, inashika vumbi, inaozesha mpira wa bushi na matairi, inadondoka shambani, na siku utakapotaka kupaka rangi upya hakuna rangi itakayoshika. Lami ni mbaya zaidi ikipakwa juu ya kutu, kwa sababu inaficha na kufungia maji ndani. Ndani ya boriti za fremu, ambako brashi haiingii, tulipuliza nta ya kuzuia kutu kupitia matundu yaliyokuwepo, mpaka ikaanza kuchuruzika kwenye matundu ya kutolea maji, halafu tukayazibua matundu hayo kwa waya.

Breki na beringi zilikuwa na hadithi yake ya kawaida: ngoma zimeshika kutu kwa kusimama sana, viatu vimekwisha, grisi imekuwa ngumu. Zikafunguliwa, zikasafishwa, zikabadilishwa. Ukiwa umeinua trela kwa ajili ya kutu, usiishushe bila kuzifungua.

Gharama niliziandika kwenye daftari. Mzee na msaidizi wake walichukua 22,000. Mabamba, chaneli na anglaini 24,000. Diski, brashi na rodi 8,500, na humo ndimo pesa zinamotoka bila kuonekana, maana diski za bei rahisi zinaisha kabla hujamaliza upande mmoja. Epoksi, rangi na thina 16,000. Beringi, viatu vya breki na bushi 9,000. Silanti na nta 4,500. Jumla 84,000, ukiongeza bei ya kununulia inakuwa 139,000. Trela mpya ya kutengenezwa jua kali nilikuwa nimeulizia nikaambiwa 180,000, yenye ekseli ya kuokoteza. Hesabu ilikubali, lakini kwa nafasi ndogo, na ingekataa kabisa kama boriti zote mbili zingekuwa zimeoza.

Kwa hiyo ukienda kununua trela kama hii, vaa nguo za kazi na ubebe nyundo ndogo, tochi na sumaku. Sumaku haishiki puti: ipitishe kwenye pembe za sakafu, matao na ukingo wa chini wa bodi, na ikiteleza mahali panapotakiwa kuwa chuma, umepata jibu. Lala chini uigonge fremu yote, hasa pale mkono wa kuvutia unapoungana nayo. Tafuta mabamba yaliyovimba. Omba ndoo ya maji uimwage ndani. Mwenye trela akikataa usimwage maji kwenye chombo alichokuwa akikianika mvuani miaka yote, ondoka. Soma namba ya fremu uilinganishe na logbook kabla ya kuzungumza bei. Na rangi ikiwa mpya kuliko matairi, anza bei chini: trela yenye sakafu mbovu na fremu nzima sasa siwezi kuilipia zaidi ya 30,000, na yenye ufa kwenye mkono wa kuvutia naihesabu kwa bei ya ekseli na magurudumu tu.